AMEKATWA VIDOLE NA MASHINE, MKAMWAMBIA "NI QADAR". NA HAKI YAKE IKO WAPI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, darsa la leo ni refu kidogo, nawaombeni subira. Linawahusu watu ambao kila mmoja wetu anamjua walau mmoja wao. Kijana wa karakana ya mbao aliyeacha vidole kwenye msumeno. Mama wa mashine ya kusaga ambaye khanga yake ilivutwa na mkanda ikaenda na mkono. Fundi wa mageti aliyepasukiwa na diski ya grainda usoni. Kibarua wa msimu aliyesukuma mahindi kwa kiganja ndani ya mashine ya kupukuchua.

Siku ya ajali tunajaa hospitalini. Baada ya mwezi simu zinapungua. Baada ya mwaka tunamkuta mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, anapokea mia mbili kwa mkono uliobaki, na sisi tunapita tukisema, "Maskini, ndiyo qadar."

Hilo neno "qadar" ndilo lililonifanya niandike. Limekuwa likitumika mahali ambapo halikuwekwa. Tuliangalie vizuri, kisha tuone nini kinampasa mwenye mashine, nini kinampasa aliyeumia, na nini kinatupasa sisi tunaosali nao safu moja.

KWANZA: QADAR HAIFUTI DENI

Kuamini qadar, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya sita ya imani. Hapo hakuna mjadala. Aliyeumia akisema "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raaji'uun", akaacha kujiuliza usiku kucha "ningechelewa dakika moja tu", huyo amepata dawa ya moyo wake. Neno lile mdomoni mwake ni subira, na ana ujira kwa hilo.

Sasa lisikie likitoka kwa mwenye mashine aliyeng'oa kinga ya msumeno ili mbao nene zipite haraka. Anapolisema yeye, anataka lifanye kazi gani? Anataka limalize mazungumzo.

Nikuulize, ndugu yangu. Mtu akigonga gari lako, ukakuta alikuwa anajua tangu juzi kwamba breki zake ni mbovu, kisha akakuambia, "Sheikh, ni qadar," utamjibu "sawa, nenda"? Utamshika mpaka bati linyooshwe na rangi ipigwe. Basi bati umelidai, kidole cha mtoto wa mwenzio umekifuta kwa neno moja?

Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali panapoitwa Sargh akaambiwa kuna tauni mbele, akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza, je, anakimbia qadar ya Allah? Umar akamjibu kwa maana hii: tunaiacha qadar ya Allah tukielekea qadar ya Allah nyingine. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bondeni, upande mmoja una majani na mwingine mkavu. Popote atakapolisha, analisha kwa qadar ya Allah. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim.

Umeelewa hapo? Kufunga kinga ni qadar. Kuzima mashine kabla ya kuingiza mkono ni qadar. Na kulipa haki baada ya ajali ni qadar vilevile. Kwa nini wewe kila siku unachagua upande mkavu wa bonde, kisha unasema ndiko ulikoandikiwa?

PILI: MASHINE HAINA HURUMA, NA HAISOMI NIA YAKO

Katika Suratul Baqara, aya ya 195, Allah Subhaanahu wa Ta'ala ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Kila nikiisoma aya hii nawakumbuka wazee wa Tanga niliowaona utotoni, waliofanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani ya katani. Katani ilikuwa utajiri wa nchi, lakini wapo walioacha mikono yao mle ndani, na wajukuu wao wanasimulia mpaka leo.

Ajali nyingi za mashine hazina ajabu yoyote. Zinarudia njia zilezile:

1. Kinga imeondolewa. Mkanda na puli viko wazi, msumeno uko wazi, kwa sababu "kinga inachelewesha kazi".

2. Mashine imekwama, mtu anaingiza mkono kuitoa takataka ikiwa bado inawaka. Au ameizima, mwenzake upande wa pili hajui, akaiwasha. Kinga ya hili haigharimu senti: anayeingiza mkono ndiye akate umeme kwenye swichi kubwa na ufunguo ukae mfukoni mwake mpaka amalize.

3. Nguo. Dada zangu wa mashine za kusaga na za juisi ya miwa, sikilizeni. Stara ni faradhi, na stara haikulazimishi kuacha ncha za mtandio na khanga zikining'inia karibu na mkanda unaozunguka. Vaa mtandio uliobana shingoni, uchomeke ndani, mikono ya gauni iwe na lastiki. Umesitirika na umesalimika. Na wewe kaka, kanzu ya Ijumaa usiingie nayo karakana "dakika mbili tu". Pete nayo ivue. Ikinaswa na chuma kinachozunguka huchukua kidole kizima.

4. Glovu mahali pasipo pake. Wengi wanadhani glovu ni salama popote. Kwenye msumeno wa duara na mashine ya kutoboa, glovu hunaswa na kuuvuta mkono wote.

5. Uchovu na haraka. Kijana yuko kwenye mashine tangu asubuhi, hajala, bosi anamwambia oda iishe leo usiku. Mkono unateleza.

6. Kutofundishwa. Mtu ameajiriwa Jumatatu kubeba mbao, Jumatano fundi hayupo, ameambiwa "kata wewe". Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Dharr iliyomo katika Bukhari na Muslim, ametuambia kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwabebeshe wasichokiweza, na tukiwabebesha tuwasaidie. Mtoto wa watu hajui mashine, nawe umemwachia. Umemsaidia wapi?

Na ajali ikitokea: zima mashine. Bana jeraha kwa kitambaa safi, kaza, inua mkono juu ya usawa wa moyo. Usitie majivu, wala kahawa, wala mafuta ya taa, wala dawa ya meno. Kidole kikidondoka, kisafishe kidogo kwa maji safi, kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki ufunge, kisha mfuko huo uweke juu ya barafu. Barafu isiguse kidole chenyewe. Kimbizeni hospitali pamoja na mtu. Mara nyingine madaktari hukirudisha, mara nyingine hawawezi, lakini mkikitupa mmeshaamua nyinyi. Na mkumbusheni daktari sindano ya pepopunda.

TATU: KIDOLE KINA THAMANI GANI KATIKA DINI YETU?

Hapa nataka wenye viwanda na karakana wasome taratibu.

Diya ya nafsi kamili imekadiriwa kwa ngamia 100. Katika barua ambayo Mtume (s.a.w.) aliandikiwa Amr bin Hazm (r.a.) kwa ajili ya watu wa Yemen, kila kidole kimepewa ngamia 10. Yaani kidole kimoja ni sehemu ya kumi ya diya ya mtu mzima. Na katika Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), Mtume (s.a.w.) alilinganisha kidole kidogo na kidole gumba, akasema vyote ni sawa.

Imamu Shafi'i katika kitabu chake Ar-Risala ametaja kwamba Sayyidna Umar alikuwa akihukumu kwa kutofautisha: gumba 15, cha shahada 10, cha kati 10, cha pete 9, kidogo 6. Ukijumlisha unapata 50, diya ya mkono mmoja. Ilikuwa ijtihadi yenye akili, kwa sababu gumba lina kazi kubwa kuliko kidole kidogo. Ilipokuja kupatikana ile barua ya Amr bin Hazm, Waislamu waliacha hesabu ile wakafuata kumi kwa kumi. Mpaka kidole kidogo, ambacho wewe unasema "si kidogo tu hicho", kina ngamia 10.

Sasa tuwe waadilifu, nisije nikasomwa vibaya. Sisemi kila ajali ya kazini mwenye mashine analipa ngamia. Ipo hadithi sahihi, nayo wenye mali wengine wanaijua vizuri kuliko hadithi za sala, inayosema kwamba anayefia katika machimbo au kisimani hana wa kudaiwa damu yake. Ni hadithi ya kweli, iko katika Bukhari na Muslim. Lakini wanachuoni wameifafanua kwamba hiyo ni pale mwenye machimbo hakuvuka mpaka: amechimba mahali pake, kwa njia inayokubalika, akaajiri mtu mzima anayejua kazi, kisha ardhi ikaporomoka. Ama aliyesababisha madhara kwa kuvuka mpaka au kuzembea, fiqhi inamtia hatiani. Kanuni kubwa ya sharia inakataza kudhuru na kulipiziana madhara.

Basi swali linalotakiwa kuulizwa baada ya ajali ni hili: je, mwenye mashine alizembea? Kinga ilikuwepo? Kijana alifundishwa? Mashine ilikuwa na kasoro aliyoambiwa na mafundi akasema "tutatengeneza mwezi ujao"? Hayo ndiyo yaulizwe, tena na watu wanaojua mashine.

NNE: KARATASI YA BAADA YA ISHA

Miaka michache iliyopita mwenye karakana mmoja aliniletea karatasi msikitini baada ya Isha. Kijana wake wa miaka 20 hivi alikuwa amekatwa vidole vitatu na msumeno wa meza. Yule bwana, nimpe haki yake, alimpeleka kijana hospitali mwenyewe usiku ule na alilipia matibabu. Hakumtoroka. Wiki ya tatu ndipo akaja na karatasi: atampa shilingi 300,000, kijana asaini kwamba hana madai yoyote tena, na mimi niwe shahidi ili iwe na baraka.

Kijana alikuwepo, mkono umefungwa bendeji. Mama yake alikuwepo.

Nikamuuliza, "Hajji, msumeno ulikuwa na kinga?"

Akasema, "Sheikh, ile tuliitoa siku nyingi, inasumbua kwenye mbao nene."

"Kijana alikuwa amesajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia?"

Akanyamaza, kisha akasema, "Sheikh, haya ni ya Mungu. Na kijana mwenyewe ameridhia, muulize."

Nikamgeukia kijana, akatazama chini. Mama yake ndiye aliyejibu: "Sheikh, mimi nguvu za kwenda ofisini kila siku sina, na nyumbani unga umekwisha. Acha asaini tu."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo ridhaa yenyewe. Ridhaa ya mtu aliyeishiwa unga. Katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Allah amefundisha kuandikiana na kushuhudia, na ameagiza kwamba aliye dhaifu, asiyeweza kujieleza, msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu, awe anayehusika ni tajiri au maskini.

Nikamwambia, "Hajji, sulhu inajuzu baina ya Waislamu, ila isiyohalalisha haramu. Huyu hajui anachokiacha. Hawezi kusamehe kitu asichokijua. Mwache kwanza aambiwe haki yake yote, akishaijua akataka kukusamehe, nitasaini na nitakuombea dua. Leo sitasaini."

Alikuwa ndiye anayetununulia mafuta ya jenereta ya msikiti. Aliinuka akaondoka. Mpaka leo anasali msikiti mwingine. Tukikutana njiani tunasalimiana vizuri, namuombea kheri. Ramadhani iliyofuata tuliswali tarawehe kadhaa kwa taa za simu, na baadhi ya wazee walinilaumu waziwazi.

Kijana alifuatilia. Alirudishwa mara mbili kwa kupungukiwa na karatasi, ikapita miezi, mwisho akalipwa haki yake. Leo anatunza stoo ya duka la vifaa. Vidole havikurudi. Lakini hakai mlangoni mwa msikiti.

Maimamu na viongozi wa misikiti mnaonisoma: karatasi kama hii itakujieni. Kabla ya kusaini, ulizeni maswali.

TANO: HAKI ILIYOANDIKWA, WENGI HAWAIJUI

Kwa Tanzania Bara ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kukusanya michango Julai 2015. Yafahamu haya machache:

• Mchango unalipwa na mwajiri peke yake. Akikukata kwenye mshahara wako kwa jina la fidia, amekudhulumu.

• Fidia hii haisubiri mpaka ithibitike bosi alizembea. Umeumia kutokana na kazi na ukiwa kazini, huo ndio msingi.

• Mafao si pesa ya pole tu. Kuna matibabu. Kuna malipo ya muda ambao huwezi kufanya kazi, ambayo ni asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Kuna fidia ya ulemavu wa kudumu, malipo kwa anayehitaji mtu wa kumhudumia, huduma za utengamao, gharama za mazishi, na pensheni kwa wategemezi wa aliyefariki.

• Ajali itolewe taarifa mapema. Mwajiri akishajulishwa ana siku 7 za kuripoti. Na wewe usikae mpaka miezi 12 ikapita, utajipotezea haki yako.

• Mwajiri kutojisajili ni kosa lake. Usikubali kuambiwa "sisi hatumo huko, kwa hiyo huna kitu". Nenda ofisi ya Mfuko ukaulize mwenyewe.

Mambo ya kinga, mafunzo na ukaguzi wa mashine yako chini ya OSHA, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Ndugu zangu wa Kenya, nanyi mna sheria yenu ya mwaka 2007 inayojulikana kwa kifupi chake, WIBA. Ulizeni huko huko mliko.

Tangu siku ya kwanza weka kumbukumbu: karatasi zote za hospitali, picha ya mashine kabla haijarekebishwa, majina ya waliokuwepo, na chochote kinachoonyesha ulikuwa mfanyakazi pale. Wengi hawana mkataba. Basi ujumbe wa malipo ya simu kutoka kwa bosi ni ushahidi, usiufute.

Kuna wanaoniuliza, "Sheikh, hii si bima, na bima si ina maneno?" Wanachuoni wana maneno kuhusu mikataba ya bima ya biashara, ni kweli. Hapa wewe mfanyakazi hujanunua kitu wala hujacheza bahati nasibu. Ni wajibu aliotwishwa mwajiri kwa ajili yako. Na fikra ya watu kubeba mzigo kwa pamoja si ngeni kwetu. Katika kuua kwa bahati mbaya, diya hubebwa na aqila, yaani jamaa wa upande wa baba, ili isimwangukie mtu mmoja ikamvunja na ili wafiwa wasikose. Sayyidna Umar alipoanzisha diwani, aliwafanya walioandikwa daftari moja kubebeana diya, na Mahanafi wamelichukua hilo. Watu wa kazi moja kubebana katika msiba, Waislamu wanalijua tangu karne ya kwanza.

SITA: WEWE ULIYEUMIA, IBADA YAKO HAIKUKATWA

Wengi wanaokatwa viungo huona haya, wanaacha jamaa, kisha wanaacha sala yenyewe. Wengine wanaogopa udhu. Zama za Mtume (s.a.w.) mtu mmoja alijeruhiwa kichwani, akaota ndoto yenye kumlazimu kuoga, akauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamkatalia. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akasema wamemuua, na kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Ameipokea Abu Daud. Basi jua haya:

Aliyekatwa chini ya kiwiko, anaosha kilichobaki pamoja na kiwiko. Aliyekatwa juu ya kiwiko, faradhi ya mkono ule imeondoka. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i ni sunna kuosha ule mkono uliobaki juu. Kidonda kibichi chenye bendeji usikimwagie maji. Kuna kupangusa na kuna kutayamamu, muulize mwalimu aliye karibu nawe akuelekeze kulingana na jeraha lako. Ukihitaji mtu akumiminie maji, mkeo, mwanao au jirani, hakuna ubaya.

Kama umepoteza kidole cha shahada cha mkono wa kulia, huhitaji kuashiria kwa kidole kingine katika tashahudi. Sala yako imetimia. Kiungo kilichokatwa hospitali, familia ikikiomba, kinafungwa kitambaa na kuzikwa kwa heshima. Hakiswaliwi, kwa sababu mwenyewe yu hai. Na aliyekatwa mkono kuongoza sala kunajuzu, asikudanganye mtu.

Kiungo bandia kinajuzu. Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua vitani, akatengeneza pua ya fedha ikatoa harufu mbaya, Mtume (s.a.w.) akamwamuru atumie pua ya dhahabu, japo dhahabu kwa wanaume ni haramu. Tazama jinsi dini ilivyojali uso wa mtu mmoja. Hapa kwetu viungo bandia vinatengenezwa; KCMC Moshi mpaka chuo cha kuwafundisha mafundi wa kazi hiyo kipo. Ulizia MOI pale Muhimbili, ulizia CCBRT. Usikae nyumbani miaka ukidhani hakuna.

Na furahi kwa hili: katika Bukhari imekuja kwamba mja akiugua au akisafiri, anaandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na yupo nyumbani. Ulikuwa unafagia msikiti, unabeba maji ya maiti, unamwandikia mama yako barua. Mkono haupo, daftari la thawabu bado liko wazi.

SABA: WENYE MASHINE, NA SISI WENGINE

Ewe mwenye mashine. Najua wapo wenye mashine moja ya mkopo, hesabu haifungi mwisho wa mwezi. Kinga ya mkanda unaweza kuitengenezesha kwa fundi wa mtaani kwa nondo na wavu. Kijana anaweza kufundishwa bila pesa. Anza na hivyo, kisha jisajili.

Jambo moja wengi wanalikosea: unachomlipa aliyeumia kazini kwako, ikiwa ni haki iliyokulazimu, usikihesabu kuwa zaka. Zaka haitumiki kulipa deni lako mwenyewe. Na usimpe futari, sare ya Idi na mfuko wa unga, kisha ukaandika moyoni kwamba mmemalizana. Hizo ni sadaka, Allah akulipe. Haki yake bado iko palepale.

Imekuja katika hadithi qudsi, katika Bukhari, kwamba wapo watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Huyo amezuia ujira wa jasho. Aliyechukua na vidole, atasimama vipi?

Na sisi jirani zake tusiishie kusema maskini. Mtu mmoja mwenye elimu ya karatasi amsindikize ofisini. Vijana wa msikiti wachange nauli. Mtoto wake asitolewe madrasa kwa kukosa ada ya mwezi. Mkewe asinong'onezwe kwamba aondoke. Na anayestahiki zaka apewe zaka, apelekewe kwake, si lazima aje kuifuata mlangoni.

Ewe Mola wetu, waponye waliojeruhiwa wakitafuta riziki ya halali. Wabadilishie waliopoteza viungo kwa kilicho bora, duniani na Akhera. Walainishe nyoyo wenye mali waone haki kabla haijaonwa dhidi yao. Warehemu waliokufa kazini, na uwe Wewe msimamizi wa watoto wao. Aamin, yaa Rabbal aalamiin.

Kama unamjua mtu aliyeumia kazini na miezi 12 haijapita, mtumie somo hili leo. Usingoje Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.